Wameliitaje?

Vijana wawili waliokuwa wanaanza utafiti walikuja kwangu na swali moja: kwa nini jaribio la programu lifaulu asubuhi na kufeli jioni, ilhali hakuna aliyegusa msimbo, yaani maagizo yanayoiunda programu? Nililipenda swali lile papo hapo. Nikawakabidhi mwongozo wa Barbara Kitchenham na Stuart Charters wa mwaka 2007, ambao watu wengi wa uhandisi wa programu wamejifunzia mapitio ya kimfumo, yaani kukusanya na kupima kwa utaratibu tafiti zote za mada moja, nikawaambia warudi baada ya wiki tatu.

Kosa lilikuwa langu, na hadi leo linaniuma. Mwongozo ule ni mzuri, ila unamfaa zaidi mtu ambaye ameshaonja makala za eneo lake. Hawa sikuwa nimewaonjesha hata moja.

Walirudi na lahajedwali yenye mamia ya mistari. Walikuwa wametafuta katika hifadhi za makala za kitafiti mtandaoni, IEEE Xplore, maktaba ya ACM na Scopus, na kila makala wameiandikia aya. Fulani na wenzake walichunguza hiki. Fulani na wenzake walipendekeza kile. Kurasa zikafuatana hivyo, na hakuna makala iliyomjibu mwenzake. Binti, macho mekundu kwa kukesha, akaniambia, "Mwalimu, nimesoma zote, na sijui nimesoma nini."

Nikamwomba aifunge ile lahajedwali. Nikachapisha makala moja tu, ya Qingzhou Luo na wenzake ya mwaka 2014, waliopekua mabadiliko 201 katika historia ya msimbo wa miradi 51 ya programu ya taasisi ya Apache, kutafuta kinachofanya majaribio yayumbe, mara yafaulu mara yafeli. Tuliisoma watatu, kwa sauti, mchana kutwa. Kuna sababu zilizotushika muda mrefu: jaribio lisilosubiri ipasavyo kazi inayoendelea kando, nyuzi, yaani kazi za programu zinazokwenda sambamba, zinazogombania data ileile, majaribio yanayofaulu yakitangulia mengine na kufeli yakifuata. Kila tulipotua niliwauliza: wamejuaje? Wamehesabu nini? Nini hawakukigusa?

Kijana, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu aingie, akasema, "Miradi yote hii ni ya chanzo huria. Kwa hiyo msimbo uliofungiwa ndani ya makampuni, makala hii haituambii chochote." Niliinuka kitini kwa furaha. Hiyo ilikuwa sentensi ya kwanza ya mapitio yao, na hakuna muhtasari hata mmoja kati ya ule wa wiki tatu uliokuwa na sentensi ya namna hiyo.

Kisha tukafuata nyayo: nyuma, kwa makala zilizotajwa na hii, mbele, kwa zile zilizoitaja baadaye. Claes Wohlin alichapisha mwaka 2014 mwongozo wa njia hiyo, inayofananishwa na mpira wa theluji unaokua kadiri unavyoviringika. Kwa anayeanza, mimi naiona bora kuliko kuanza na mfuatano mrefu wa maneno ya utafutaji, kwa sababu yeye mwenyewe bado hajui atafute kwa maneno gani.

Na hilo ndilo lililotokea. Utafutaji wao wote ulisimama juu ya neno moja la Kiingereza, "flaky", yaani linaloyumba. Binti akakuta watafiti wanaoyaita majaribio haya "dependent", kwa kuwa yanategemea mpangilio, na wengine wanaosema "non-deterministic", kwa kuwa matokeo yake hayatabiriki. Martin Fowler, mwandishi wa vitabu vya uhandisi wa programu, naye alikuwa ameliandikia tatizo hilo mwaka 2011 kwa jina hilo la mwisho, lakini kwenye tovuti yake, kama mtu wa kazini anayewaandikia wa kazini. Maktaba za makala walizopekua zisingewafikisha kwake.

Alinyamaza kidogo akiitazama karatasi. "Kumbe tulikuwa tunatafuta jina," akasema, "hatukuwa tunatafuta tatizo."

Jioni lahajedwali ikafunguliwa tena. Mistari mingi ikafutwa. Akaongeza safu moja mpya na kuandika juu yake: Wameliitaje? Mwenzake akasogeza kiti, wakaanza kuijaza.