Hela ya korosho inaonekana kwenye sahani kwanza

Watu wakitaka kujua mkoa una hela au hauna wanasubiri ripoti. Ripoti za NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ni nzuri, sizibezi, na kwenye pato la taifa wana kabisa kipengele cha malazi na huduma za chakula, ila la robo mwaka linatoka robo yenyewe ikishapita na la mkoa mmoja mmoja ni la mwaka mzima. Sasa mkulima wa korosho wa Masasi au Newala hela yake inaingia na kuisha hiyo ripoti haijatoka bado. Ndo maana sisi wa kusini tunaangalia gesti na sehemu za kula, na mi naamini ni kipimo cha kweli kabisa ilimradi ujue unachokiangalia, maana kitanda na sahani haviongei kitu kimoja.

Kitanda cha gesti analalia mgeni. Minada ikianza Oktoba wanakuja wanunuzi, madereva wa malori na wale wafanyabiashara wa nguo na simu wanaofuata harufu ya hela, jioni ukiulizia chumba cha self unaambiwa vimejaa. Lakini angalia vizuri, hao wote wamefika mkulima hajashika hata mia! Kwenye stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuuza korosho kwa pamoja kupitia ghala, anapeleka mzigo AMCOS, chama cha ushirika cha msingi, unaenda ghala kuu, unapigwa mnada, mnunuzi analipa, makato yanakatwa, ndo hela inasoma benki. Kwa hiyo gesti inajaa mwanzo, sahani zinafuata baadae.

Na zikifuata unaziona. Yule aliyekuwa anakula chipsi kavu anaongeza kuku robo na soda, halafu anafungiwa nyingine ya kupeleka nyumbani. Kwa mama ntilie ndo pazuri zaidi, daftari lake la mkopo linaanza kupigwa mistari jina kwa jina, watu wanalipa madeni ya tangu kipindi cha palizi kisha wanaagiza wali nyama badala ya wali maharage. Mi nikiona lile daftari linafutwa najua mjini hela imeingia, na nikiona kurasa zinaongezeka mwezi Desemba naogopa.

Msimu wa 2018 ulionyesha hii tofauti wazi. Bei za mnadani zilikuwa chini wakulima wakagoma kuuza, Novemba mwaka ule Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua korosho yote kwa 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kusomba. Bei watu waliipenda. Ila malipo yalisubiri uhakiki wa wakulima na mashamba yao, lengo likiwa kuwabana kangomba, wale wanaonunua korosho kwa wakulima kinyemela kwa bei ya chini, na uhakiki ukachukua mda, wengine wamevuka mwaka hawajalipwa. Sasa mtu angehesabu vitanda tu, na timu za wahakiki zote zile, angeandika kwamba mambo safi, wakati kwa mama ntilie watu walikuwa wanakula kwa mkopo mpaka mama mwenyewe mtaji unakata. Hilo linaniuma mpaka leo, manake mtaji wa ndoo mbili za mchele ukikata haurudi kirahisi.

Mtwara mjini nako kipindi cha matumaini ya gesi asilia, ile miaka ya 2012 na 2013, watu walijenga hoteli na gesti wakitegemea wageni, vitanda vikaongezeka haraka kuliko mifuko ya wenyeji.

Ninachotaka ni kidogo tu. Halmashauri tayari zinakusanya ushuru wa nyumba za kulala wageni, tena kwa mashine za POS, kwa hiyo wanajua kila mwezi wamepata kiasi gani. Watoe hiyo namba hadharani kila mwezi, na waweke pembeni bei ya sahani ya wali maharage na wali nyama kwenye masoko mawili matatu. Na wasilinganishe Novemba na Julai, hapo utapata kelele tu, Novemba ilinganishwe na Novemba ya mwaka jana. Oktoba 2024 bei ya juu ya mnada wa kwanza ilivuka 4,000 kwa kilo, hizo namba za ushuru na sahani zingekuwepo tungejua ni kiasi gani kilifika kwa mwenye kibanda na kiasi gani kilipita na malori kwenda bandarini.

Wa Tandahimba na Nanyumbu, kwenu mama ntilie anakopesha au analipwa?