Mwezi usiotazamiwa: maisha ya kila siku Vietnam

Watu wa nyumbani Lamu wakisikia kwamba ninasoma Da Nang, mji wa pwani ulio katikati ya Vietnam, huniuliza kwanza habari za vita, kisha habari za chakula. Mimi hupenda zaidi kuwaeleza habari za mwezi, kwa sababu sikutarajia kukuta nchi ya viwanda, inayotawaliwa na chama kimoja cha kikomunisti, ambamo mambo ya nyumbani yangali yakihesabiwa kwa mwezi kama yanavyohesabiwa kwetu.

Katika nyumba nyingi hutundikwa ukutani kalenda nene ambayo karatasi yake moja huchanwa kila siku. Tarehe ya miladi huandikwa kwa tarakimu kubwa, na tarehe ya mwezi kwa tarakimu ndogo chini yake. Chuo, benki na ofisi za serikali hufuata ile ya juu. Lakini anayetaka kuoza mwanawe, kuhamia nyumba mpya, kufungua duka au kuwakumbuka wafu wake huitazama ile ya chini.

Mzee mmoja aliniuliza barazani, "Na hao, mwanangu, mwezi wao huutazamia wapi?" Nilimjibu kwamba hawautazamii, wataalamu huupigia hesabu, na kalenda huwa imekwisha kuchapishwa kabla ya mwaka kuingia. Alicheka na kusema kwamba basi wamesalimika na ugomvi wetu wa kila Idi. Hawakusalimika kabisa. Mwaka 1968 Vietnam Kaskazini ilianza kupiga hesabu zake kwa saa ya Hanoi, ilhali Kusini ilibaki na saa iliyotangulia kwa saa moja, na kwa tofauti hiyo ndogo mwaka mpya wao, Tet, uliadhimishwa tarehe 29 Januari Kaskazini na tarehe 30 Kusini. Ni Tet hiyohiyo inayokumbukwa kwa mashambulizi makubwa yaliyoigeuza vita. Mwaka 1985 tofauti ya saa hiyohiyo moja, mara hii na China, iliwafanya Wavietnam kusherehekea tarehe 21 Januari na Wachina tarehe 20 Februari, yaani mwezi mzima baadaye, ingawa kanuni wanazofuata ni zilezile.

Kinachonivutia zaidi ni namna walivyolitatua tatizo ambalo wazee wetu pia walilijua. Miezi kumi na miwili ya kuandama hupungua siku kumi na moja hivi katika mwaka wa jua, na ndiyo maana Ramadhani yetu huzunguka kaskazi na kusi. Mkulima wa mpunga hawezi kuzunguka hivyo. Wavietnam huongeza mwezi wa kumi na tatu mara saba katika kila miaka 19, na mwaka 2025, kwa mfano, waliurudia mwezi wao wa sita. Waswahili wa zamani hawakuugusa mwezi: waliuachia ibada, kisha mabaharia na wakulima wakawa na mwaka wa pili wa siku 365, ulioanza siku ya Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Kwa maoni yangu njia ya wazee wetu ilikuwa safi zaidi, ingawa ni wachache leo wanaoweza kukuambia tuko katika mwongo wa ngapi.

Tarehe mosi na tarehe 15 za mwezi hujulikana hata na asiyetazama kalenda, kwa wingi wa maua na matunda sokoni na harufu ya udi milangoni. Watu wengi siku hizo hawali nyama, na migahawa ya vyakula visivyo na nyama hujaa. Kwa Mwislamu katika nchi ambayo nguruwe huingia hadi kwenye mchuzi wa mboga, hizo ndizo siku za kula bila kuuliza maswali mengi.

Kumbukumbu ya marehemu hufanywa kila mwaka kwa tarehe ya mwezi aliyofia. Chakula hutengwa kwanza mbele ya madhabahu ya mizimu ya ukoo, vijiti vya udi huwashwa, na vikishateketea ndipo jamaa hukaa kula, mkubwa akianza. Itikadi yao siishiriki. Hata hivyo, mtu aliyelelewa katika hitima hahitaji kufundishwa adabu za kukaa katika shughuli kama hiyo.

Siku hizi kalenda hizi mbili zimekaribiana. Mwaka 2026 Tet iliangukia tarehe 17 Februari, na mfungo wa Ramadhani ukafuata mara moja. Mwaka 2027 itakuwa tarehe 6 Februari, na mambo yatakuwa vilevile. Kwa hiyo watoto wanapopewa bahasha nyekundu za pesa, kama wetu wanavyopewa pesa za Idi, na kila mlango unapofunguliwa kwa wageni, mimi huwa nimefunga. Kukataa chakula siku hizo ni jambo zito, lakini mama mwenye nyumba alinielewa upesi kuliko nilivyodhani: alinipikia keki ya mchele wa kunata iliyojazwa choroko tupu na kuniwekea hadi magharibi. Mwaka 2029 tutaachana, kwa kuwa mwezi wao wa ziada utakuwa umeisogeza Tet hadi tarehe 13 Februari, wakati sisi tutakuwa tukijiandaa kwa Idi.