Mkono wa shangazi na sentensi moja ya Kiingereza

Shangazi alitoka kwenye usaili wake wa uraia wa Marekani ameshika karatasi moja, akaingia kwenye gari, akafunga mkanda, hakusema kitu. Niliisoma ile karatasi kabla sijawasha gari. Kuzungumza, amefaulu. Maswali ya historia na serikali, amefaulu. Kusoma, amefaulu. Kuandika, hakufaulu. Tulikuwa tumeshaingia barabara kuu ndipo akafungua mdomo.

"Baba, maneno yote nilikuwa nayajua. Mkono ndio ulikuwa hauyajui."

Huniita baba kwa kuwa nimerithi jina la baba yake. Na mwalimu wake nilikuwa mimi, kwa hiyo maneno yale niliyabeba mpaka nyumbani na siku nyingi baadaye. Naandika haya kwa ajili ya kila mwenye mama, mjomba au jirani anayejiandaa na mtihani huu, kwa sababu kosa nililolifanya naliona kwenye madaftari ya wengi wetu huku.

Mtihani wenyewe kwanza. Ofisa anakuonyesha sentensi, unaisoma kwa sauti. Ukikosa anakupa ya pili, kisha ya tatu. Ukisoma moja vizuri, imetosha. Halafu anatamka sentensi nawe unaiandika, na hapo pia una nafasi tatu, unatakiwa upatie moja. Sentensi zenyewe idara ya uhamiaji, USCIS, haizitoi hadharani. Inatoa orodha mbili za maneno, moja ya kusoma na moja ya kuandika, na hakuna hata moja inayofika maneno mia. Lafudhi yako haikuangushi. Herufi moja iliyokosewa au nukta iliyosahaulika haikuangushi, maadamu maana haijapotea. Ukishindwa sehemu moja, unaitwa tena kati ya siku 60 na 90, unarudia sehemu hiyo tu, na hulipi ada nyingine. Ukishindwa mara ya pili, ombi linakataliwa.

Wapo wanaosamehewa Kiingereza kabisa: aliyefikisha miaka 50 akiwa amekaa na grini kadi, kile kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, miaka 20, au aliyefikisha 55 akiwa nayo miaka 15. Hao hufanya maswali ya uraia kwa lugha yao kupitia mkalimani. Shangazi ana miaka 58, lakini grini kadi yake ina miaka saba tu. Ilibidi aandike. (Mliotuma maombi kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025, kilichobadilika kwenu ni maswali ya uraia: mnaulizwa mpaka 20 kutoka orodha ya 128, na mpate 12. Kusoma na kuandika kumebaki vilevile.)

Sasa kosa langu. Shangazi si mtu asiyejua kusoma. Alimaliza darasa la saba, anasoma Kiswahili kwa kasi kunizidi, na mwandiko wake wa kuunganisha ni mzuri mno. Nikadhani njia ya mkato ni kutumia Kiswahili chake. Nikachapa orodha, na juu ya kila neno nikaandika matamshi kwa herufi zetu. Juu ya "We pay taxes" niliweka wi pei taksiz. Alishika haraka sana, tukafurahi wote. Jioni baada ya jioni alisoma ukurasa mzima bila kukwama.

Alichokuwa anasoma ni mstari wangu wa juu. Kile cha chini, Kiingereza chenyewe, macho yake yalikipitia bila kukigusa. Kwenye kusoma aliokolewa na kumbukumbu, kwa maana sura ya sentensi aliitambua. Kwenye kuandika, ofisa alipotamka sentensi ya kwanza, kilichomjia kichwani ni mstari wa juu, akajikuta ameandika "Wi". Akajua amekosea, akasimama hapo hapo. Ya pili ilikuwa na "United States", akaandika kifupi chake, "U.S.", kama alivyokiona kila mahali kwenye barua na mabango. Hicho hakikubaliki: neno lililotamkwa lazima uliandike zima. Ya tatu ilipotamkwa kalamu alikuwa ameshaiweka chini.

Kwa hiyo wiki zile tulizopewa nilianza kwa kuchana karatasi zote zenye matamshi. Alinung'unika, na alikuwa na haki ya kunung'unika. Nikanunua daftari jipya la mistari mipana, nikamwambia tunarudi kwenye imla, ile ile tuliyofanya sote shuleni: mwalimu anasema, mwanafunzi anaandika.

Na hapo ndipo nilipoona kwa nini Kiingereza kinamsumbua hata msomaji mzuri wa Kiswahili. Herufi zetu ni za kuaminika. A ni a popote utakapoikuta, na ukijua ba, be, bi, bo, bu unaweza kusoma neno usilowahi kuliona maishani. Basi shangazi alikuwa anaiamini kila herufi. Alisoma "vote" kama vo-te, "come" kama ko-me, "state" kama sta-te. Ile e ya mwisho aliitamka kwa heshima zote, maana kwetu neno haliishi bila vokali na vokali ikiwepo inasema. Nikamwambia e hii ni bubu. Akaipenda hiyo. Akachukua kalamu nyekundu akaanza kuzizungushia duara herufi bubu zote za orodha: e ya "have", e ya "lives", gh ya "right", o ya "people", w ya "Who", l ile ya pili ya "Lincoln". Kwenye "White House" alikaa kitambo. H ya neno la kwanza haisikiki, ya neno la pili inasikika, na zote mbili zimekaa jirani. Akazungushia moja, akaiacha nyingine, akanionyesha daftari.

"Huyu kanyamaza, huyu anasema."

Tangu siku hiyo sikuhitaji kumfafanulia kanuni yoyote ndefu. Kila neno jipya aliuliza kwanza nani ndani yake ni bubu.

Neno dogo kuliko yote ndilo lililotupa kazi: "We". Kwetu ukisema we! unamwita au unamkaripia mtu. Kila alipoliona, aliona wewe. Ilichukua siku kadhaa likakaa kichwani kwamba hapa ni sisi, sisi tunalipa kodi. Na kodi nazo, "taxes", sikio lake lilisikia teksi. "Dollar bill" alidhani ni bili ya kulipwa kwa dola, kumbe ni noti ya dola. Maneno yanayofanana na yetu yanahitaji subira zaidi ya yale mageni kabisa, kwa sababu yanakuja yakiwa na maana tayari.

Lakini Kiswahili kilitusaidia pia, na ningependa watu walijue hili. Wageni wengi wa lugha nyingine huteseka na sauti za th. Sisi tunazo mbili: ya thelathini na ya dhahabu. Kiingereza kimezipa zote mbili mavazi mamoja, th. Nikamwambia "the" ina sauti ya dhahabu, "north" na "south" zina sauti ya thelathini. Ikawa imeisha. Miezi nayo ni karibu bure. Orodha ya kuandika ina miezi saba, Februari, Mei, Juni, Julai, Septemba, Oktoba na Novemba, na hakuna asiyeijua kwa sikio. Mitatu ya mwisho unaondoa a unaweka er, na k ya Oktoba unaigeuza c. Februari ndiyo yenye mtego, ina r mbili na ya kwanza watu wengi hapa hawaitamki, kwa hiyo ukiisubiri kwa sikio hutaisikia. Ile tuliiandika mpaka mkono wenyewe ukaijua.

Kitu kingine nilikigundua nilipoziweka orodha mbili sambamba mezani. Ya kusoma ina maneno ya kuuliza: nani, nini, lini, wapi, kwa nini, vipi. Ya kuandika haina hata moja. Maana yake sentensi unayosoma mara nyingi itakuwa swali, na unayoandika itakuwa maelezo. Tukaanza kufanya mazoezi kwa jozi. Yeye anasoma "Who was the first President?", mimi natamka "Washington was the first President", anaandika. Anasoma "What is the largest state?", natamka "Alaska is the largest state". Hapo orodha ya maneno ikageuka mazungumzo, na nadhani ndiyo sababu aliacha kuchoka mapema. Mtu mzima aliyetoka kazini saa kumi jioni, amesimama ghalani tangu alfajiri, hawezi kukaa na maneno yaliyopangwa kama mawe. Akiulizwa kitu na akakijibu, anakaa.

Dakika ishirini, si zaidi, sentensi nne au tano. Nilisoma kila moja mara mbili, kwa kasi ya kawaida. Mwanzoni nilikuwa navuta maneno ili nimsaidie, nikaacha, maana ofisa havuti. Akikosea neno simwambii herufi iliyokosekana. Namtamkia tena, anasikiliza, anatafuta mwenyewe. Kuna jioni aliandika "Citizens can vot", akaitazama muda mrefu, kisha akaongeza e pole pole. "Bubu amerudi," akasema.

Jambo la kalamu nalo lisidharauliwe. Mtihani wa kuandika siku hizi, kwa kawaida, unafanyika kwenye tableti, unaandika juu ya kioo kwa kalamu yake maalumu. Shangazi alikuwa amejifunza kwenye karatasi tu, na karatasi inakushikilia, kioo kinateleza. Siku ya usaili wa kwanza herufi zake zilitoka kubwa kubwa, akaishiwa nafasi kabla ya sentensi kwisha, na hofu ikazidi. Tuliazima tableti yenye kalamu kwa rafiki, akaanza kuandikia hapo mara mbili kwa wiki. Nilimwomba aache mwandiko wa kuunganisha, aandike herufi moja moja. Hilo lilimuuma kidogo, mwandiko wake ni fahari yake, lakini alikubali kwa ajili ya mtihani tu. Kwenye daftari aliendelea kuunganisha.

Jioni moja aliweka kalamu chini akauliza sheria hii ya kuandika ilianza lini. Nikamsomea: mwaka 1906 Marekani iliweka sharti la kuzungumza Kiingereza kwa anayeomba uraia, na kusoma na kuandika kukaongezwa mwaka 1950. Akahesabu kimya kimya. "Kwa hiyo waliokuja kabla ya hapo waliapa bila kuandika." Ndiyo, shangazi. Hakusema ni haki au si haki. Alichukua kalamu, akasema niendelee.

Alipoitwa tena hakutaka nimsomee chochote asubuhi ile. Njiani alitazama mabango ya barabarani na nilisikia midomo yake ikicheza. Nilisubiri nje, na hakukaa ndani hata robo saa.

Alirudi na karatasi yake. Safari hii alinipa kabla hajafunga mkanda. Alikuwa amefaulu. Nikamkumbatia kadiri gari linavyoruhusu, nikamuuliza alipewa sentensi gani, akanitajia, ilikuwa na "lives" ndani yake na e yake bubu aliiweka mahali pake.

"Lakini amenipa moja tu," akasema. "Nilipomaliza akasema inatosha."

"Ndivyo ilivyo, shangazi. Ukipatia ya kwanza hawaendelei."

Akafungua mkoba, akatoa kalamu ya wino, akaigeuza barua ya matokeo upande usioandikwa, akaiweka juu ya goti.

"Haya, baba. Nisomee zile mbili zilizobaki."

Nikazima gari. Nikamtamkia mara mbili, kwa kasi ya ofisa: "Canada is north of the United States." Aliandika kwa mwandiko wake wa kuunganisha, "United States" zima, herufi kwa herufi, akaweka nukta, akainua kichwa.

"Na ya tatu?"