Siku moja maishani mwangu: tabibu wa Ukerewe na bingwa aliyeko Mwanza

Saa 1:30 asubuhi. Kabla foleni haijaanza, ninasoma majibu ya daktari bingwa wa ngozi aliyeko Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Kituo chetu cha afya hakina bingwa wa fani yoyote. Tuna simu janja na kifurushi cha intaneti, basi tunamtumia picha na maelezo, naye huyajibu atokapo wodini. Video tuliiacha mapema, kwani mtandao hukatika, na kwa maradhi ya ngozi picha safi humtosha.

Saa 3:30. Anaingia mzee mvuvi mwenye ualbino.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Sikio hili tu, linagoma kupona."

Kidonda ni kidogo, kingo zake ngumu, nacho hutoa damu kikiguswa. Ngozi yenye melanini haba, yaani rangi ya asili ya ngozi, haina kinga ya kutosha dhidi ya jua, na masikio, midomo na shingo ndiyo huumia kwanza, hasa kwa mtu aliyeshinda mtumbwini miaka yote. Ninamketisha dirishani, kwa kuwa taa hupotosha rangi, ninaweka rula kando ya kidonda na kupiga picha ya mbali, kisha ya karibu. Halafu ninapapasa tezi za shingoni na kuandika nilichohisi, maana bingwa hana njia nyingine ya kuzigusa. Ameridhia picha zitumwe. Jina lake halimo, ni namba ya faili tu.

Saa 5 hadi saa 8 ni malaria, wajawazito na watoto wenye kikohozi.

Saa 8:20 mchana. Majibu mawili yameingia. Mtoto niliyemtuma jana ana mashilingi (fangasi) ya kichwani, dawa ya kumeza ninayo hapa, na mama yake ameokoa nauli ya kwenda na kurudi. Unafuu wa huduma hii, kwa maoni yangu, umo katika kuepuka safari zisizo za lazima, wala si katika programu ambazo wageni hupenda kutuonyesha. Kuhusu mzee, bingwa anashuku saratani: asipake malhamu yoyote kidondani, aende Mwanza wiki hii akakatwe kipande kidogo cha kidonda kikapimwe.

Saa 10 jioni. Ninamweleza mzee mbele ya mwanawe, bila kumficha neno. Mwana anauliza nauli kabla ya kuuliza ugonjwa, jambo ambalo simlaumu. Tunakubaliana wapande meli ya kesho kutoka Nansio, nami ninaandika rufaa na kuitaja namba ya faili, ili bingwa aanzie tulipofikia leo.