Kumbukumbu ya mradi wangu: Tilak, gazeti la Kesari na mahakama

Aprili

Mradi huu ni jedwali la matukio ya maisha ya Bal Gangadhar Tilak, mwanasiasa wa India aliyekuwa pia mhariri wa Kesari, gazeti la Kimarathi lililokuwa likitoka kila Jumanne mjini Pune. Nalichora kwenye karatasi za manila zilizounganishwa kwa gundi, nazo nimezibandika ukutani juu ya meza yangu. Lina safu mbili: kushoto naandika kile gazeti lilichochapisha, kulia kile ambacho Serikali ya Kiingereza ilikifanya baadaye. Nilifikiria kuongeza safu ya tatu kwa ajili ya vyeo vyake, nikaiacha, maana vyeo havielezi chochote cha maana kumhusu mtu huyu. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria la Bombay mwaka 1895 lakini hakudumu humo, na chama cha Congress kilipomchagua kuwa rais wa mkutano wake wa mwaka 1918 alikuwa Uingereza, nafasi hiyo ikashikwa na Madan Mohan Malaviya. Kilichompandisha ni gazeti, pamoja na kesi zilizozaliwa na gazeti.

Miaka ya mwanzo imejaa haraka. Alizaliwa Ratnagiri, pwani ya magharibi, tarehe 23 Julai 1856. Akasoma hisabati na kisha sheria. Akashiriki kuanzisha shule mjini Pune mwaka 1880. Na Januari 1881 yeye na wenzake wakatoa magazeti mawili, Kesari kwa Kimarathi na Mahratta kwa Kiingereza. Mhariri wa kwanza wa Kesari hakuwa yeye, bali rafiki yake Gopal Ganesh Agarkar. Mwaka 1882 wote wawili walifungwa siku 101 katika jela ya Dongri, Bombay, kwa kumkashifu waziri mkuu wa himaya ya Kolhapur kuhusu namna mtawala kijana wa huko alivyokuwa akitendewa. Huo ndio mstari wa kwanza wenye maandishi pande zote mbili za jedwali.

Marafiki hao walifarakana kuhusu mageuzi ya kijamii, na mwaka 1887 Tilak akaushika uhariri wa Kesari. Mwaka 1891 Serikali ilipopandisha umri wa msichana kuingiliwa katika ndoa kutoka miaka 10 hadi 12, Kesari ilipinga vikali, kwa hoja kwamba Serikali ya kigeni haina mamlaka ya kuingilia mila za Wahindu. Nimeyaandika hayo kwa wino uleule nilioandikia mambo mengine. Mtu anayetaka kumwona Tilak kuwa shujaa mtupu atalazimika kuusoma mstari huo kabla ya kufika mwaka 1908, na sioni sababu ya kumpunguzia uzito wake.

Mei

Mwezi huu wote umemezwa na miaka miwili, 1896 na 1897. Njaa ilipolikumba jimbo la Bombay, Kesari iliwaeleza wakulima kwa lugha yao kanuni za Serikali yenyewe kuhusu msaada wa njaa na msamaha wa kodi ya ardhi, ikawahimiza wadai haki ambayo tayari ilikuwa imeandikwa. Kwangu hili ndilo jambo la kisiasa zaidi alilowahi kulifanya katika miaka hiyo, kuliko hata sherehe za hadhara za Ganesh alizozikuza tangu 1893, kwa kuwa mkulima asiyejua Kiingereza aliweza sasa kumnukulia mtoza kodi sheria yake mwenyewe.

Kisha ikaja tauni. Kamati ya tauni ya Pune, chini ya W. C. Rand, ilituma askari kuingia majumbani kusaka wagonjwa, na hasira zikapanda mji mzima. Tilak hakuukimbia mji. Alisaidia kuanzisha hospitali ya wagonjwa wa Kihindu huku akizishutumu mbinu za askari gazetini. Tarehe 15 Juni 1897 Kesari ilichapisha shairi kuhusu Shivaji, mfalme wa Wamaratha wa karne ya 17, pamoja na taarifa ya sherehe za kumkumbuka ambamo ilijadiliwa kama alikuwa na haki ya kumuua Afzal Khan, jemadari wa Bijapur. Usiku wa tarehe 22 Juni Rand alipigwa risasi. Wauaji walikuwa ndugu wa ukoo wa Chapekar, lakini kabla ya Julai kwisha aliyekamatwa kwa uchochezi ni mhariri.

Jaji Strachey aliieleza juri kwamba kosa linatimia hata kama maandishi hayakuzua ghasia wala fujo yoyote. Kujaribu kuwatia watu chuki dhidi ya Serikali kunatosha. Wajumbe sita, wote Wazungu, wakamtia hatiani. Watatu, wote Wahindi, wakamwona hana hatia. Alipewa kifungo cha miezi 18 pamoja na kazi ngumu. Mwaka uliofuata kifungu cha uchochezi, yaani cha 124A, cha Kanuni ya Adhabu ya India kikaandikwa upya ili tafsiri pana ya namna hiyo iwe sheria. Kanuni hiyohiyo ilitumika Kenya na Tanganyika hadi mwaka 1930, kwa hiyo msomaji wa kwetu asiidhani kuwa habari ya mbali.

Juni na Julai

Mwaka 1908 umekula karatasi nzima. Tarehe 30 Aprili vijana wawili wa Kibengali walirusha bomu Muzaffarpur wakikusudia kumuua hakimu, wakaua wanawake wawili wa Kiingereza. Tilak aliandika kwamba mauaji hayo ni msiba wa nchi, lakini chanzo chake ni Serikali isiyosikia. Tarehe 8 Juni ikapitishwa sheria ya kutaifisha mitambo ya magazeti yanayohesabiwa kuwa ya uchochezi. Kesho yake, Jumanne, Kesari ikatoka na tahariri iliyosema kwamba dawa hizo hazitadumu. Tarehe 24 Juni alikamatwa. Hukumu ilitoka 22 Julai. Ukiziangalia tarehe hizo zilivyobanana pale ukutani, utaona kwamba mhariri na Serikali walikuwa wakijibizana waziwazi, mmoja kwa kalamu na mwingine kwa hati ya kukamata.

Jaji alikuwa Dinshaw Davar, ambaye mwaka 1897 alikuwa wakili wa Tilak katika maombi ya dhamana. Safari hii wakili Muhammad Ali Jinnah ndiye aliyeomba dhamana, na Davar akaikataa. Tilak alijitetea mwenyewe kwa zaidi ya saa 20, akibishana sana kuhusu tafsiri za Kiingereza za makala zake. Wajumbe saba dhidi ya wawili walimtia hatiani, naye usiku huo akahukumiwa miaka sita ya uhamishoni, zikiwa zimebaki saa chache atimize umri wa miaka 52. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Bombay waligoma siku sita, moja kwa kila mwaka wa kifungo chake.

Mandalay, nchini Burma, safu ya kushoto inabaki tupu, na nimeiacha hivyo. Hata hivyo hakuacha kuandika: alipewa penseli na madaftari yaliyojalidiwa yenye kurasa zilizotiwa namba, asije akachomoa hata moja, na humo akaandika ufafanuzi wake mkubwa wa Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, uliochapishwa mwaka 1915, mwaka mmoja baada ya kuachiwa.

Agosti

Mstari wa 1916 ndio wa pekee ambao safu ya kulia imeshindwa: Serikali ilimtaka aweke dhamana ya rupia 20,000 kwa sababu ya hotuba zake za kudai kujitawala, na Jinnah, akiwa wakili wake, akafanikiwa amri hiyo ibatilishwe na Mahakama Kuu ya Bombay. Kesi ya kashfa aliyoifungua London dhidi ya Valentine Chirol, mwandishi wa habari wa Kiingereza, aliipoteza mwaka 1919, nami nimeipa nafasi ndogo tu. Alifariki Bombay 1 Agosti 1920.

Nilikuwa nimepanga kuufunga ukuta kwa tarehe hiyo. Nimeongeza kipande kimoja zaidi cha manila, cha 18 Machi 1922, Ahmedabad, siku ambayo Gandhi alikiri mashtaka ya kifungu hichohicho cha 124A kwa makala alizoandika katika gazeti lake la Young India. Jaji Broomfield aliitaja kesi ya Tilak, akamwomba mshtakiwa asione vibaya kuwekwa daraja moja naye, kisha akampa miaka sita.