Sesheni iliyokuwa ikipotea kati ya kurasa mbili

Unaandika jina na neno la siri, unabonyeza kitufe, ukurasa unapepesa kidogo, halafu unajikuta palepale pa kuingilia. Hakuna hata onyo moja. Hicho ndicho kilichonilia siku mbili kwenye mradi wangu wa PHP, lugha ya kutengenezea tovuti. Kwenye kompyuta yangu mambo yalikwenda sawasawa. Tatizo lilianza nilipopandisha mafaili kwenye seva, na hata huko liliwapata baadhi ya watu tu.

Nilianza na washukiwa wa kila siku. session_start(), amri inayofungua sesheni (kumbukumbu ambayo seva humtunzia mtumiaji anapohama ukurasa hadi ukurasa), ilikuwepo juu kabisa ya kila ukurasa. Nikaongeza exit, inayosimamisha kodi, baada ya header('Location'), yaani uelekezaji wa kumpeleka mtumiaji ukurasa mwingine, jambo nililopaswa kulifanya tangu mwanzo. Nikafungua mafaili kutafuta BOM, zile baiti 3 zisizoonekana mwanzoni mwa faili, maana ziliwahi kunitesa. Hazikuwepo.

Basi nikaacha kubahatisha. Nikazima ule uelekezaji kwa muda, mahali pake nikaweka kiungo chenye anwani ileile, kisha kwenye kurasa zote mbili nikachapisha session_id(), namba ya utambulisho ya sesheni. Namba zilikuwa tofauti! Hapo nikapumua, kwa sababu kumbe data haikupotea. Seva ilikuwa inafungua sesheni mpya. Nilipochungulia folda ya sesheni nikakuta mafaili mawili ya sess_: moja lina namba ya mtumiaji, jingine lina baiti 0. (Kama kodi yako inaita session_regenerate_id(), inayobadilisha namba ya sesheni, chapisha baada ya mwito huo, la sivyo utofauti huo utakudanganya.)

Sasa swali likawa moja tu: kwa nini kivinjari hakirudishi kuki ya PHPSESSID, yaani kile kipande kidogo cha data kinachobeba namba ya sesheni? Nikafungua zana za kivinjari, sehemu ya mtandao, nikafuata ombi moja baada ya jingine. Kuki ilitolewa na anwani yenye www. Ombi la pili lilikwenda kwenye anwani isiyo na www, mikono mitupu. Kuki isiyotajiwa domeni (jina la tovuti) hurudi kwa jina lilelile lililoitoa, basi. Na hiyo anwani ya pili niliiandika mimi mwenyewe, nzima nzima, kwenye faili la mipangilio. Walioingia bila www hawakuona tatizo, na kwenye kompyuta yangu jina lilikuwa moja tu, localhost, ambalo kompyuta hujiitia yenyewe.

Ningeweza kuitajia kuki domeni kwa session_set_cookie_params(), lakini sikupenda isambae kwenye vijidomeni vyote, yaani anwani zote zilizo chini ya jina la tovuti. Nikabadilisha uelekezaji kuwa njia fupi, /nyumbani.php, na kwenye seva nikaweka uelekezaji wa kudumu (301) ili kila anayekuja na www ahamishiwe kusiko na www.

Mtumiaji mmoja bado alilalamika kwamba anatolewa. Nilipomhoji, kumbe huacha ukurasa wazi saa nzima bila kugusa kitu, na session.gc_maxlifetime, muda ambao sesheni isiyoguswa hukaa kabla ya kuweza kufutwa, ilikuwa bado kwenye sekunde 1440 za kawaida, yaani dakika 24. Hilo nililimaliza kwa mstari mmoja wa kuongeza muda huo.