Vilele vya Mawimbi na Umeme Unaopotea Minarani

Sehemu kubwa ya umeme unaoingia kwenye mnara wa simu hugeuka joto kabla ya kufika hewani, na hasara hiyo nyingi hutokea katika amplifaya (kikuza nguvu ya mawimbi) ya mwisho, ile iliyo karibu na antena. Chanzo chake kimoja kikubwa ni umbo la mawimbi yenyewe.

Simu za kizazi cha nne, Wi-Fi na televisheni ya dijitali hutumia mbinu ya OFDM, ambayo huigawa data kwenye mawimbi madogo mengi yanayorushwa kwa pamoja. Katika chaneli ya megahezi 20 ya LTE, yaani mfumo wa kizazi cha nne, mawimbi hayo ni 1,200. Kwa kawaida fezi zake, yaani hatua ambayo kila wimbi limefikia katika kupanda na kushuka, hutofautiana, kwa hiyo hupunguzana nguvu. Lakini mara nyingine data huzipanga zikaelekeana, yakavuta kwa mpigo mmoja kama wavuvi wa Dunga, Kisumu, kwenye kamba ya juya, na kilele kikubwa kikainuka. Mawimbi 64 yakilingana kabisa, kilele hufika mara 64 ya nguvu ya wastani, yaani desibeli 18.

Kulingana kabisa ni jambo la nadra mno. Hata hivyo, kwa mawimbi 1,200, hesabu ya kawaida ya uwezekano huonyesha kwamba kilele kinachozidi wastani mara 10 hujitokeza katika takriban vipande 5 vya matangazo kwa kila 100. Amplifaya isiyokimudu hukikata, makosa ya biti yakaongezeka na nishati ikamwagikia masafa ya jirani. Ndiyo maana mhandisi huiendesha mbali na kikomo chake, na hapo ndipo gharama ilipo: amplifaya ya daraja B, ambayo kinadharia hufikia ufanisi wa asilimia 78.5, hubaki na takriban 39 ikishushwa desibeli 6, yaani hadi robo ya nguvu yake ya juu. Hasara hiyo hulipwa kila sekunde kwa ajili ya vilele vya mara chache, na kwa mnara wa kilimani usiofikiwa na gridi, hulipwa kwa betri na dizeli.

Kuvipunguza vilele kwa kuvikata makusudi, kisha kuchuja nishati iliyomwagika, ni rahisi, ila kuchuja huviinua tena kwa kiasi fulani. Ninaipenda zaidi mbinu ya Bäuml, Fischer na Huber ya mwaka 1996, ambapo mtambo huandaa nakala kadhaa za kipande kile kile, kila moja ikiwa imezungushwa fezi kwa mpangilio wake, kisha hurusha ile yenye kilele kifupi zaidi. Kwa nakala 4 zisizotegemeana, vile vipande 5 kwa 100 hushuka hadi kama 8 kwa milioni. Lakini mpokeaji lazima ajue ni nakala ipi iliyotumwa. Taarifa hiyo ikipotea, kipande kizima kimepotea.

Kwa matangazo ya televisheni, naona ni bora kutenga mawimbi machache yasiyobeba data, yatumike kujenga wimbi la kukipinga kilele. Kiwango cha DVB-T2, tunachokitumia Kenya, kinairuhusu njia hiyo, na hutenga takriban asilimia 1 tu ya mawimbi. Mpokeaji huyapuuza, wala hahitaji kuambiwa lolote.

Simu yenyewe haina nafasi ya hesabu nyingi hivyo. Kwa hiyo LTE, katika safari ya kutoka simu hadi mnara, huipitisha data kwanza kwenye hesabu ya Fourier, inayoitawanya kila sehemu ya data kwenye mawimbi yote madogo ya simu hiyo, ili vilele viwe vifupi tangu mwanzo. Kizazi cha tano kimeibakiza njia hiyo kama chaguo, hasa kwa simu iliyo mbali na mnara, ambayo inahitaji kila miliwati ya amplifaya yake.